Viroba vya vipande: niliyoyapitia na mabaki ya vitambaa hapa Jinja

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Kwa fundi wa sare hiyo ndiyo habari yote. Hapa Walukuba cherehani inafuata kalenda ya shule: kabla ya muhula wa kwanza unakesha, na miezi mingine unaishi kwa gomesi za harusi (gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, lenye mshipi kiunoni), gauni za kitenge na kubadilisha zipu. Muhula ukifutwa, harusi zikazuiwa, boda boda nazo zikakatazwa kubeba abiria, kinachobaki dukani ni mashine, deni la kodi na viroba vya vipande.

Viroba nilikuwa navyo hadi chini ya kitanda. Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na baba yangu alikuwa mmoja wao, kwenye mitambo ya Nyanza Textile. Wasoga, Waluo, Wateso, Walugbara, kila nyumba na lugha yake, tukitoka nje wote Kiswahili. Katika nyumba ya mtu aliyefuma kitambaa kwa mikono yake, kitambaa hakitupwi. Nimelelewa hivyo, na sijutii. Ila kuweka ni jambo moja na kutumia ni jingine, na kati ya hayo mawili ndimo nilimopoteza muda na pesa. Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu, au mama mwenye cherehani nyumbani, anayekitazama kiroba kilichojaa na hajui aanzie wapi.

Barakoa ndizo zilizofungua kiroba cha kwanza. Serikali ilipoagiza kila mtu afunike pua na mdomo, vipande vya kitenge vilivyokuwa vimelala miaka vikawa na wateja kabla havijapigwa pasi. Barakoa moja inakula kitambaa kidogo sana. Kwa wiki chache niliuza kuliko nilivyouza sare. Halafu kila mwenye sindano akaanza kushona barakoa, kiwanda kile kile cha Nyanza kikawa kinazitoa kwa maelfu, bei ikaanguka, na mimi nikabaki na viroba vilivyofunguliwa na swali: sasa kinafuata nini?

Kilichofuata kilikuwa kitandiko. Jirani yangu ambaye naye ni fundi alikuja tukaunganisha nguvu, tukachagua vipande kwa rangi, kitenge kando ya satini ya gomesi, gomesi kando ya kitambaa cha sare, tukashona usiku na mchana. Kilipendeza mno. Dada mmoja wa Bugembe akakinunua, akakifua mara moja, akakirudisha. Kitenge kilikuwa kimesinyaa, satini haikusinyaa hata kidogo, kwa hiyo uso wote ulikuwa umekunjamana mawimbi mawimbi. Tena kitenge chekundu kilikuwa kimetoa rangi na kuchafua kila cheupe kilicho jirani nacho. Tulimrudishia pesa zake. Iliuma, maana uzi tulikuwa tumeukopa.

Tangu hapo nachambua kwanza kwa aina ya uzi, rangi baadaye. Kama hujui kitambaa ni nini, kata uzi kidogo, toka nje, weka beseni la maji karibu, uushike kwa kibanio na uuwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini, yanapukutika kwa vidole. Polista inayeyuka, inajikunja, inanuka plastiki, na ikipoa inaacha kidonge cheusi kigumu. Usikiguse kabla hakijapoa, kinashika ngozi. Vitambaa vingi vya sare ni mchanganyiko, kwa hiyo utaona vyote viwili, vinawaka na pia vinayeyuka. Mimi nina viroba vitatu: pamba tupu, mchanganyiko, na vile vya kuteleza. Cha kwanza ndicho chenye thamani. Kitenge nacho usikiamini kwa jina tu, kwa sababu siku hizi madukani kuna vitenge vingi vya polista vyenye michoro ile ile, na muuzaji atakuapia ni pamba.

Pamba yote naifua kabla ya kuikata. Naloweka kila rangi kali peke yake katika maji baridi, namwaga, naloweka tena, mpaka maji yabaki meupe. Kama kipande hakiachi kutoa rangi, kinaenda kwenye kazi isiyofuliwa na vingine. Kufua mapema kunaondoa pia ule ugumu wa dukani, na kama kitasinyaa, kisinyae kikiwa bado mikononi mwangu.

Jambo lililobadilisha kazi yangu kuliko mengine yote linafanyika mezani, saa ile ile ninapomaliza kukata nguo. Zamani mabaki yalikwenda kirobani yakiwa na umbo lolote, kwapa la gauni, pembe la kola, na baada ya mwaka yalikuwa fundo moja lililokunjana. Kuyatoa, kuyapiga pasi na kuyapima kulichukua muda mrefu kuliko kushona. Sasa kabla sijafagia nakata: kinachotoa mraba wa inchi 5 kinakuwa mraba wa inchi 5, kirefu chembamba kinakuwa utepe wa inchi 2, na kidogo kuliko kiganja kinakwenda kwenye mfuko wa vipande vya kujazia mito. Nina vibao viwili vya kadibodi ngumu nilivyovikata kwa vipimo hivyo, navizungushia chaki, basi. Kitambaa bado hakijakunjana na mkasi uko mkononi, kwa hiyo kazi ni ya dakika chache.

Mraba wa inchi 5 una faida ya hesabu. Ukitoa robo inchi ya mshono kila upande, unabaki na inchi 4 na nusu. Kitandiko cha inchi 72 kwa 90 kinahitaji miraba 16 kwa upana na 20 kwa urefu, yaani 320. Ukiijua namba hiyo hutaanza kitandiko ukiwa na miraba mia na hamsini halafu ukaishia Kiyembe, Kampala, kununua kitenge kipya cha kukatakata. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo. Huo tena si utumiaji wa mabaki, ni biashara ya hasara.

Kabla sijaendelea, mabaki ni ya nani? Mteja akileta yadi sita na gauni likala nne na nusu, yadi moja na nusu ni yake. Mafundi tumejipa haki ambayo hatukupewa, na wateja wanalalamika chini chini, wanahamia kwa fundi mwingine bila kusema. Mimi sasa namuuliza mteja siku ya kupima: "Mama, kitambaa kikibaki nikurudishie, nikushonee kilemba, au uniachie nipunguze kidogo kwenye ujira?" Wengi wanataka kilemba au kimfuko. Wachache wanaacha. Anayeacha ameacha kwa hiari yake, na kipande hicho naweza kukiuza mchana kweupe hata mwenyewe akipita. Nguo ya mtoto kutoka kwenye kitenge cha mama yake ndiyo inayopokelewa kwa furaha kuliko yote: yadi moja inamtosha binti mdogo, na siku ya Idi au Krismasi wanatoka wamefanana.

Vipande visivyotoa hata mraba havijafa bado. Navishona juu ya karatasi. Nakata karatasi ya mraba wa inchi 8, naweka kipande kimoja katikati, nalaza cha pili juu yake uso kwa uso, napiga mshono, nakikunjua, napiga pasi, naongeza cha tatu upande mwingine, hivyo hivyo mpaka karatasi ijae. Kisha nageuza, nakata kufuata ukingo wa karatasi, naichana karatasi na kuitoa. Kinachobaki ni mraba ulionyooka uliotokana na takataka za mezani. Fupisha mshono wako ili karatasi ichanike kirahisi bila kuvuta uzi. Gazeti linafaa kwa vitambaa vya giza. Kwa vyeupe tumia kurasa za daftari kuukuu upande usioandikwa, kwa sababu wino wa gazeti ukikutana na pasi ya moto unahamia kwenye kitambaa. Ndani ya kitandiko naweka blanketi kuukuu lililofuliwa badala ya pamba ya kununua, na mgongoni shuka la pamba. Natoboa tabaka zote tatu kwa uzi na kufunga fundo kila pembe ya mraba. Cherehani yangu ya miguu haipendi kupita juu ya unene huo, na mkono unatosha.

Nilikutana na maneno, lazima niseme. Kuna mama alinishikia kitandiko akauliza kama tumefikia kuvaa viraka. Viraka vinawakumbusha watu miaka ambayo nguo ilikuwa ya kubahatisha, na simlaumu. Nilimjibu kuhusu lubugo, kitambaa cha gome la mti. Gome la mti wa mutuba likishapondwa linakuwa na matundu pale matawi yalipokuwa, na mafundi wa Buganda huziba kila tundu kwa kiraka cha gome lile lile, kilichoshonwa kwa mkono. Nguo hiyo huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na UNESCO iliutangaza ufundi wa kuitengeneza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Na Kampala yuko mbunifu Bobby Kolade, aliyeanza mwaka 2022 kukata nguo za mitumba na kuziunga upya, kisha kuziuza huko huko ng'ambo zilikotoka. Kuunga vipande ni ufundi. Aibu iko kwenye kuunga vibaya.

Satini za gomesi zilinisumbua sana. Zinateleza, zinachanika nyuzi ukingoni, hazikubali pasi ya mkaa iliyoshika moto. Nilipoacha kuzilazimisha ziwe kitandiko ndipo nikaona zinafaa nini. Kofia ya kulalia, ile ya kulinda nywele zisikatike kwenye foronya, inahitaji mduara mmoja na lastiki. Mipira ya nywele inahitaji utepe wa inchi 4 kwa 20. Mshipi wa gomesi wenyewe ukibaki kipande unatoa mipira minne hadi mitano. Hivi ndivyo vinavyolipa umeme wa duka. Mpira mmoja nauza shilingi 1,000, wasichana wa shule wananunua watatu watatu, na mtu anayejifunza kwangu anaweza kuushona bila mimi kusimama karibu.

Vitambaa vya sare nikavifanya mazulia ya mlangoni. Nakata tepe, nazisuka tatu tatu kama nywele, nauzungusha msuko kuanzia katikati na kuuunga ubavu kwa ubavu kwa sindano nene. Ushone ukiwa umeulaza mezani. Ukiushikilia mapajani na kuvuta uzi sana, zulia linainuka kingo na kuwa umbo la bakuli, na hakuna pasi itakayolirudisha. Mchanganyiko wa polista haunywi maji, kwa hiyo zulia la sare halifai bafuni, ila mlangoni ni zuri: unalikung'uta, vumbi lote linatoka, na likilowa mvua linakauka upesi. La bafuni lisuke kwa pamba.

Mfuko wa kujazia una masharti yake. Vipande vizima vikijazwa katika mto wa kukalia vinafanya mabonge, mto unakuwa kama mawe. Vikatekate viwe vidogo kama ukucha, changanya na makombo ya sponji ya godoro, na uvitie katika mfuko wa ndani kabla ya foronya yenye zipu, ili foronya ifuliwe peke yake. Hata hivyo mto wa vipande ni mzito. Mimi natengeneza mito ya kukalia chini tu, siuzi ya kulalia. Wanasesere pia nashona, na macho yao natarizi kwa uzi. Kifungo kikichomoka, mtoto mchanga anakimeza.

Kuna kazi moja ambayo naifanya kwa moyo kuliko zote, nayo ni pedi za kufua. Shule zilipokuwa zimefungwa nilikuja kufahamu ni mabinti wangapi mtaani walikuwa wanatumia matambara yasiyofaa, wakiyakausha chini ya godoro kwa sababu ya haya. Pedi ninayoshona ina uso wa pamba laini inayogusa ngozi, ndani tabaka mbili tatu za flana au taulo, na chini kitambaa kisichopitisha maji. Nimetumia kile cha koti la mvua. Ina mabawa mawili yanayofungwa kwa kifungo cha kubana. Hapa siweki kipande chochote kutoka sakafuni wala cha nguo iliyovaliwa. Ni pamba mpya, iliyofuliwa, ya rangi isiyotoka. Polista kwenye ngozi inaleta joto na mwasho, usimpe mtoto wa mtu. Namwambia kila binti: iloweke kwa maji baridi kwanza, maji moto yanagandisha doa, kisha sabuni, kisha uianike juani mpaka ikauke kabisa. Kama una haya, ifunike kwa leso nyepesi kwenye kamba, lakini jua lipate. Mama zao nawaomba wasikilize pia, maana ndio wenye kamba. Pedi hizi nauza kwa bei ya uzi na vifungo tu, na sijawahi kuona hasara ndani yake.

Sasa pesa, kwa sababu watu wanadhani malighafi ya bure inatoa faida ya bure. Kipande ni bure, saa zako si bure. Kitandiko kikubwa kinanila wiki tatu za jioni. Nikisema shilingi 250,000 mtu ananitajia blanketi la mitumba la 30,000, na kwa upande wake yuko sahihi. Kwa hiyo sishoni kitandiko kwa kubahatisha tena. Nashona kikiagizwa, na nusu ya malipo iwe mkononi kabla sijakata. Wanaoagiza ni watu wenye jambo: mjane mwenye gomesi za mama mkwe anazotaka zikae pamoja, au dada anayeolewa anataka kitu kutoka nguo za nyumbani kwao. Hao hawataji bei ya blanketi.

Wageni wanaokuja kuona chanzo cha Nile na kuteremka maji kwa mitumbwi ya mpira ni soko, lakini njia ya kuwafikia iangalie vizuri. Duka moja la sanaa mjini lilichukua mifuko yangu kwa makubaliano ya kulipwa ikishauzwa. Hatukuandikiana. Mifuko iliuzwa, niliiona mabegani mwa watu, na pesa zilikuja vipande vipande kwa karibu mwaka mzima, nyingine hazikuja. Leo ukitaka mali yangu tunaandika idadi, bei yangu, tarehe ya kulipana, tunatia sahihi sote wawili, na napeleka kidogo kidogo. Mwenye duka mwaminifu hachukizwi na karatasi.

Kuhusu kisichofaa kabisa: vinyuzi vya ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, na polista iliyochanika. Wengine wanavitumia kuwashia sigiri. Tafadhali usifanye hivyo, hasa ndani. Ile harufu ya plastiki inayokuchoma koo ni sumu unayoivuta wewe na watoto, na matone yake yanaunguza. Mimi navishindilia kwenye chupa za plastiki, chupa zikijaa natengeneza nazo vigoda, nikizifunga saba pamoja na kuzivika kitambaa. Pamba safi iliyosagika kabisa naitia kwenye shimo la mbolea chini ya mgomba.

Mafundi wenzangu wa Walukuba na Masese wameanza kuniletea viroba vyao, na tumekubaliana bei. Kilo ya pamba iliyochambuliwa, isiyo na polista ndani, nanunua shilingi 2,000. Satini kubwa kuliko kiganja, 1,000. Kiroba kilichochanganywa sinunui hata kikiletwa na ndugu, kwa sababu kazi ya kukichambua inagharimu kuliko vilivyomo. Kama uko karibu na una mabaki, yachambue nyumbani kwako kwanza, halafu uje na mzani wako tupime pamoja.